Plasma Isiyo na Doa

Nyumbani kwetu televisheni yoyote bapa huitwa plasma mpaka leo, hata hizi nyembamba za sasa ambazo mtu akipiga chafya mbele yake zinatikisika. Sababu ni kwamba tuliwahi kuwa na plasma ya kweli, nzito, ya kubebwa na watu wawili na kuombewa dua na wa tatu. Tuliinunua miaka ile maduka ya Ruwi, hapa Maskati, yalipokuwa yakizisukuma plasma nje ili ziingie nyengine mpya, na huo ndio wakati ninaoupenda kununua kitu: pale muuzaji anapokuwa keshachoka kukipangusa vumbi.

Lakini bei haikuwa sababu. Tuliinunua kwa sababu Mama alikuwa hataki kuchomwa sindano ya jicho.

Kisa kilianza na miwani. Nilimpeleka Mama akapimwe miwani mpya, na yule mpimaji, badala ya kutuuzia, akatuandikia karatasi tukamwone daktari. Nilijua hapo hapo kuwa jambo ni zito. Mtu wa dukani akikataa pesa yako, ogopa.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, wa makamo. Alitueleza kuwa nyuma ya jicho, pale katikati panapoona uso wa mtu na herufi na tundu la sindano ya kushonea, pamechakaa. Jicho la kulia limekwenda sana, halina la kufanywa. La kushoto ndiyo kwanza linaanza, na hilo linaweza kuokolewa, bora asichelewe. Dawa yake ni sindano.

"Sindano inachomwa wapi?" Mama akauliza.

Daktari akamwambia inachomwa wapi. Mama akachukua mkoba wake, akashukuru kwa Kiarabu kizuri sana, akatoka. Nikamfuata mpaka kwenye gari.

"Jicho hili hili nnaloonea, ndilo wanataka kulitoboa?"

"Wanataka kuliokoa, Mama."

"Mie naona vizuri. Tivii yenu ndiyo mbovu."

Na tangu siku hiyo ikawa hivyo, tivii ndiyo mbovu. Ilikuwa lile sanduku la zamani lenye mgongo, kweli halikuwa jipya, lakini sote wengine tulikuwa tunaliona. Ni lazima nieleze kuwa Mama ni mtu wa mpira. Aliuanza mpira ili kumkasirisha baba yangu, aliyekuwa akishabikia timu nyengine, na baba alipofariki hakuuacha kwa sababu, alivyosema, ule ugomvi haukwisha. Siku za mechi nyumba nzima ilikuwa inakaa sebuleni na yeye ndiye refa. Sasa akawa anabaki chumbani na redio. Tunasikia goli sebuleni, tunasikia na yeye kapiga kelele chumbani, na katikati kuna ukuta.

"Tivii yenu imechoka," alikuwa akisema tukimwita. "Watu wote ukungu mtupu. Redio angalau haina uongo."

Mimi nafanya kazi ofisini, nna kiti kinachozunguka na kadi ya kufungulia mlango, lakini elimu yangu niliipata soko la Hamriya, kwa kununua vitu. Pale nilijifunza kuwa mtu akishikilia kisingizio usikivute. Mnunulie. Basi siku moja baada ya chakula nikakaa karibu yake.

"Mama, tufanye biashara mimi na wewe."

"Biashara na wewe? Mie si mwehu."

"Nikikuletea tivii mpya, kubwa, safi, halafu bado huoni, utakwenda kuchomwa?"

Akanyamaza. Ni yeye aliyenifundisha kunyamaza kabla ya kutaja bei, kwa hiyo na mimi nikanyamaza.

"Kubwa kiasi gani?"

"Inchi hamsini."

"Nchi hamsini za nini? Mie moja yantosha, na hiyo moja nshaibadilisha."

"Inchi, Mama. Si nchi."

"Najua. Nakuchelewesha tu nipate kufikiri." Akapangusa makombo ambayo hayakuwapo. "Haya. Nileteeni tivii ya haki. Nisipoona kwa hiyo, nipelekeni mnakotaka."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Nikamrejesha akalisema mara ya pili. Kila kitu mimi nakihesabu mara mbili, na maneno ya Mama ndiyo ya mwanzo.

Nilipotoka pale nilikuwa najiona mjanja. Usiku ule ule ujanja ukaanza kuniwasha. Maana nilikuwa nimejipeleka mahala pabaya: naenda kumnunulia mama yangu televisheni, nataka aone, na nataka asione. Akiona, jicho la kushoto litakwisha kimya kimya huku yeye akishangilia magoli. Asipoona, nitakuwa nimelipa ili nimthibitishie mama yangu kuwa haoni. Sijawahi kuingia sokoni nikiwa sijui hata mwenyewe nataka nini.

Nilikwenda na kaka yangu mkubwa, kwa sababu ana nguvu. Kwa mengine ya soko hafai. Ni mtu anayelipa bei ya kwanza na kusema ahsante. Duka lilikuwa mtaa wa nyuma, Ruwi, refu na jembamba, televisheni ukutani kutoka mlangoni mpaka mwisho, zote zinaonesha samaki wale wale wa rangi. Zilikuwa zimewashwa kwa mwanga wa juu kabisa, unaingia ukiwa mzima na unatoka umekunja uso. Muuzaji alikuwa Mhindi mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na kitambi kilichomtangulia kidogo. Tukasalimiana kwa Kiarabu.

Sasa watu wa kwetu, sisi wa Maskati tuliorudi kutoka Unguja na bara, tuna tabia moja. Kiswahili ndicho chumba chetu cha faragha. Tunakiingia popote: dukani, benki, kwenye foleni ya hospitali. Mbele ya muuzaji unageuka tu upande, unasema yote uliyonayo moyoni, kisha unarudi kwenye Kiarabu na uso wa mtu asiyekuwa na haraka. Nimeokoa pesa nyingi kwa njia hiyo.

Kaka yangu alikuwa keshasimama mbele ya ile kubwa kuliko zote.

"Hii ya sitini," akasema kwa Kiswahili. "Tutaona mpaka jasho la kipa."

"Na Mama naye ataona. Halafu?"

"Si ndiyo tunataka aone?"

"Akiona kidogo atasema kaona yote. Hatokwenda hospitali. Tutakuwa tumemnunulia kisingizio kipya, tena chenye warantii."

"Basi tuchukue ndogo."

"Ndogo atasema nimefanya ubakhili."

"Ubakhili si unafanya?"

"Sijaanza bado. Ngoja."

Muuzaji alikuwa amesimama pembeni, anatabasamu kama watu wa duka wanavyotabasamu. Nikamuuliza kwa Kiarabu juu ya plasma ya inchi hamsini iliyokuwa pembeni, ambayo miongoni mwa zile ndugu zake zenye kung'ara ilionekana imefifia. Akanieleza, na lazima niseme alieleza vizuri. Plasma si kitu cha dukani, akasema, dukani taa nyingi. Ipeleke nyumbani, funga pazia, utaona weusi wake ni weusi kweli, na mpira ukipigwa haubaki na mkia nyuma. Aibu zake pia akazitaja: nzito, inatoa joto, na kioo chake kinaonesha dirisha kama hukuziba. Muuzaji anayezitaja aibu za bidhaa yake ama mkweli au ana mzigo mwingi stoo. Nikatumai vyote viwili.

Akataja bei. Nikacheka, si kwa dharau, kwa huruma tu. Nikamgeukia kaka.

"Mwisho wangu riali mia tatu," nikasema kwa Kiswahili. "Zaidi ya hapo hata baisa moja sitoi. Na wewe ukunje uso, unacheka kama bwana harusi."

"Mwambie basi mia tatu tuondoke."

"Ukimwambia mia tatu atakupa kwa mia tatu na ishirini. Tunamwambia mia mbili na nusu, tunaelekea mlangoni."

Tukaelekea mlangoni. Muuzaji hakutuita. Tukapunguza mwendo. Hakutuita. Kaka yangu akaanza kusoma karatasi ya friji iliyokuwa karibu na mlango, kwa makini makubwa, na friji yenyewe imeandikwa kuwa imeshauzwa. Nilipogeuka, muuzaji alikuwa ameandika namba kwenye kipande cha karatasi na kukisukuma juu ya meza.

Mia tatu.

Niliitazama mara mbili. Nimepatana bei umri wangu wote na sijapata kumwona mtu akitua juu ya msitari wangu hivyo, si juu yake wala chini yake.

"Na chuma cha kutundikia ukutani bure, dada," akasema, kwa Kiswahili cha Mombasa kisichokuwa na kasoro. "Kwa ajili ya macho ya bi mkubwa."

Kaka yangu alirudi kwenye friji yake. Mimi nikaigeuza ile karatasi, namba chini.

"Wewe wa wapi?"

"Mombasa. Nimezaliwa huko, nimesoma huko, shule nimefukuzwa huko huko."

"Na hukusema!"

"Ningesema mwanzo, dada, ningeuza kwa mia mbili na nusu."

Nikalipa. Kuna kushindwa kwengine ambako ukibishana nako unajiongezea. Wakati wafanyakazi wake wanaifunga katoni, akaja karibu akashusha sauti. "Msiilaze garini. Plasma haibebwi imelala, kioo chake hakipendi. Isimame hivi hivi mpaka nyumbani." Halafu akaongeza, "Na bi mkubwa akisema ina kasoro, nipigieni. Nitakuja mwenyewe."

Ikaja imesimama nyuma ya pikapu, kaka yangu kaikumbatia kwa mikono miwili, na mimi naendesha taratibu mpaka magari ya nyuma yakaanza kutupigia honi. Sikuyajali. Tuliingia mtaani kwetu nyuma ya Hamriya kwa mwendo wa harusi, na majirani wakatoka kutazama kama ipo.

Mafundi wawili wa duka walikuja alasiri kuitundika. Mama alitoka chumbani, akakaa kwenye kiti chake sebuleni, jambo ambalo hakulifanya miezi, akaanza kuamrisha. Juu. Chini. Msitoboe hapo, hapo pana waya, marehemu aliupitisha mwenyewe na hakuna ajuaye ulikokwenda. Walipomaliza, akainamisha kichwa.

"Imeinama. Upande wa kulia."

Mafundi wakatazamana. Mmoja akatoa pima maji, akaiweka juu ya televisheni, na lile povu la ndani likasogea upande. Kweli imeinama, unene wa kucha.

Kaka yangu akanitazama, na mimi nikamtazama. Sikujua nifurahi au niombe radhi. Mama alikuwa anacheka.

"Mnasema mie kipofu?"

Tukafunga pazia, tukaiwasha. Muuzaji hakusema uongo. Weusi ulikuwa weusi, majani ya uwanja mtu angetaka kuyavulia viatu. Kulikuwa na mechi ya marudio. Kaka yangu alitoa sauti kama mtu aliyetiwa maji baridi kichwani. Mama alikaa wima, mikono juu ya magoti.

"Ahaa," akasema. "Hii ndiyo tivii."

"Waona, Mama?"

"Naona. Kipa kavaa kijani."

Kipa alikuwa kavaa kijani. Mtangazaji akasema mpira umetoka, Mama akasema, "Umetoka huo." Mtangazaji akasema kona, Mama akasema, "Kona." Nikachukua rimoti, nikaondoa sauti. Sikulipenda nililolifanya, lakini nililifanya.

"Mpira uko wapi, Mama?"

"Mpira uko uwanjani."

"Uwanjani wapi?"

"We mtoto, mpira ungekuwa jikoni ningekwambia."

Kaka yangu akacheka mpaka akatoka nje. Na mimi nilicheka. Nikairudisha sauti, nikaona basi, kashinda, na pengine kushinda kwake si kubaya, angalau katoka chumbani. Tukakaa hivyo mpaka mechi ikaisha na taarifa ya khabari ikaingia. Kile kioo kilikuwa kimepata moto, na kwa baridi ya eyasi, yaani kiyoyozi, Mama aliusogeza mguu wake karibu.

"Inapasha goti," akasema. Kisha akainama mbele. "Huyu kafanya nini?"

"Nani?"

"Huyu hapa. Mbona wamemfuta uso?"

Kwenye televisheni wakimwonesha mshitakiwa humfuta uso, humtia ukungu ili asijulikane. Lakini aliyekuwa akionekana alikuwa msoma khabari, yule yule wa kila siku, uso wake umejaa kioo kizima, mkubwa kuliko sinia ya biriani.

Sikujibu. Kaka yangu, aliyekuwa amerudi, naye hakujibu. Mama akangoja. Akageuza kichwa chake kidogo, akakirudisha. Nadhani hapo alielewa, kwa sababu sisi si watu wa kunyamaza.

"Ina doa," akasema. "Katikati hapo. Tivii yenu ina doa. Mpigieni aliyewauzia."

Nikampigia.

Alikuja siku ya pili yake baada ya alasiri, na mkoba wa vyombo, kavaa shati la kupigwa pasi kama anakwenda kuposa. Nilimfungulia mimi. Mlangoni tulisalimiana kwa Kiarabu, kwa mazoea, na sikupata nafasi ya kumwambia Mama huyu ni mtu wa namna gani. Au nilipata na sikuitumia. Hata sasa nikijihesabia sipati jibu lile lile mara mbili. Mama alimjibu salamu kwa Kiarabu, akamwonesha kwa mkono: hapo, katikati, doa. Muuzaji akaitazama televisheni, akampa heshima yake yote. Akawasha, akazima. Akabadilisha rangi, kioo kikawa chekundu kitupu, kikawa cheupe kitupu. Kisha akapiga magoti, akatia kichwa na mabega nyuma ya kabati la chini kukagua nyaya. Tukawa tunaona nusu yake ya chini tu.

Mama akanivuta mkono. Akaingia katika kile chumba chetu cha faragha.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, taratibu, "si tivii."

"Mama..."

"Nyamaza nkwambie, nisije nkaghairi. Si tivii. Ni mie. Ilipokuwa nyeupe vile, doa lile lile. Ukutani pia liko. Kwenye msahafu liko. Wewe uso wako nnauona nikitazama mlango. Nikikutazama wewe, hupo."

Nyuma ya kabati bisibisi ilikuwa inazunguka. Ikasimama. Nilitaka kusema kitu, kumwambia Mama huyu anasikia, kumwambia huyu aondoke, na vyote viwili vingemkata maneno ambayo nilikuwa nimeyangoja tangu siku ile ya garini. Bisibisi ikaanza kuzunguka tena, polepole, kama inafungua kitu ambacho hakipo.

"Na nnakhofu," Mama akasema. "Hili la kulia lishakwenda, najua, sikungojea daktari. Wakilitoboa na hili, likazimika, ntabaki na nini? Nikae niwe nashikwa mkono kwenda msalani?"

"Daktari kasema wakiliacha ndiyo litazimika."

"Nshasikia alilosema. Kusikia nasikia." Akapangusa jicho kwa ncha ya mtandio. "Mwache huyu masikini amalize kutafuta. Mpe chai, aende zake. Asijue."

"Sawa, Mama."

Tukakaa. Ile nusu ya muuzaji haikuondoka. Nadhani alikuwa hajui atoke vipi. Mama akamtazama kwa muda, au akautazama mlango ili amwone.

"Mbona hatoki?" akasema kwa Kiswahili. "Kakwama? Kwa kitambi kile, mie nilijua toka alipopiga magoti."

Kabati lilitikisika. Kikatoka kicheko, si kicheko cha mtu anayetaka kucheka, kile cha mtu aliyekizuia kwa nguvu zake zote na kikamponyoka puani. Akatoka kinyumenyume, masharubu yana vumbi, uso mwekundu.

Mama alikuwa ameganda.

"Wewe," akasema. "Wewe wasikia Kiswahili?"

"Nimezaliwa Mombasa, bi mkubwa. Nisamehe."

"Ya Rabbi!" Akashika kifua. Akanigeukia mimi, lakini mimi nilikuwa natazama zulia. Akamrudia. "Umesikia nini?"

Yule mtu akasimama, akajipangusa magoti. Akafikiri kidogo, kama anayetafuta bei.

"Nimesikia kitambi."

"Kitambi tu?"

"Kitambi ni kikubwa, bi mkubwa. Kimeziba mengine yote."

Kwa muda nilidhani Mama atalia. Akaanza kutikisika mabega, na nikaona anacheka, anacheka na machozi yanashuka, hana nguvu hata ya kuyapangusa, anapiga mkono wa kiti kwa kiganja. "Mwizi wa maneno," akasema. "Mombasa nzima hawakupata kazi ya kukupa?" Na yule naye akacheka, na mimi nikacheka, hadi kaka yangu akaja kutoka nje kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Chai ilinywewa. Waliulizana juu ya Mombasa na Unguja, mitaa na masoko, nani wa nani. Alipotaka kuondoka, Mama akamwita.

"We baba. Tivii, umeikagua kweli?"

"Kweli, bi mkubwa."

"Ina doa?"

Hakunitazama mimi. Alimtazama yeye. "Haina doa. Nzima kabisa."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara moja. "Haya," akasema. "Allah akujaalie kheri. Na hicho kitambi ukipunguze."

Mlango ulipofungwa akakaa kimya, na nikajua anasubiri niseme. Sikusema. Kama mtu yuko karibu na bei yako, mwache aifikie mwenyewe.

"Yule muungwana," akasema hatimaye. "Kasikia yote."

"Kasikia."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mshenzi wewe." Lakini aliusema huo ushenzi kama anavyosema mtu 'umeshiba?' Akaupapasa mkono wa kiti mpaka akaupata mkono wangu. "Nshatoa neno. Mara mbili umenitia nilitoe. Mpigie yule bibi daktari. Ila unipeleke wewe, kaka yako anaendesha kama kaiba gari. Na dadangu wa Unguja asiambiwe mpaka tumemaliza, asije akanisomea hitima kabla ya wakati."

Nikakubali yote. Ni mara moja katika umri wangu nimekubali bei bila kupunguza kitu.

Kabla ya siku ya hospitali tulikigeuza kiti chake. Aliniambia mwenyewe akitazama mlango ndiyo anaona, basi tukakielekeza mlangoni, na televisheni ikawa ubavuni mwake. Wageni wakija wanadhani bi mkubwa anamngojea mtu. Kumbe anatazama mpira. Anauona umepita, ananiambia, kama kitu kilichoangushwa pembeni, na akichelewa kuuona anasema wachezaji ndio wazito.

Sindano ya kwanza alishika mkono wangu mpaka vidole vikaingia ganzi. Ilikwisha kabla ya ile bismillahi yake ndefu. Alitoka na jicho limezibwa, kakasirika, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa maumivu makubwa zaidi na akaona kapunjwa. Daktari akasema tatu za mwanzo, kisha tutatazama. Mama akaomba ziwe mbili. Daktari hakulelewa Hamriya, akasema tatu.

Ya tatu ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tulikuwa tumekaa kwenye ukumbi wa kungojea, na pembeni yetu bibi mmoja wa kwetu, umri wa Mama, kajifunika mpaka puani, bintiye anambembeleza kwa sauti ya chini na yeye anatikisa kichwa tu. Mama alikuwa anatazama dirisha. Kisha nikagundua hatazami dirisha, anamtazama yule bibi.

"Ndiyo mara yako ya kwanza, dada?"

"Ya kwanza, na huenda nkarudi nyumbani sasa hivi."

"Na mie nilitaka kurudi. Hata gari nilikuwa nshaliona lilipo." Mama akasogea kiti kimoja karibu naye. "Inauma. Sikudanganyi. Lakini inauma chini kidogo ya unavyoogopa. Ukipata kitu chini ya bei uliyoiogopa, si unachukua?"

Yule bibi akashusha mtandio kidogo. "Na wewe sasa waona?"

Nilidhani atasema naona vizuri. Nilishalisikia jibu hilo mara nyingi mno.

"Naona chini ya nilivyokuwa nikidai," Mama akasema, "na zaidi ya nilivyokuwa nikiona."

Muuguzi akaita. Mama akaniachia mkoba wake, akanyanyuka mwenyewe, na akasimama akimngojea yule bibi, aliyekuwa anaulizia viatu alivyovivua viko wapi, ili amfuate.